UZI: Nani alisema mwaka una misimu minne? Tuongee namna watu wa hali tofauti za hewa wanavyougawa mwaka

#1 Mwana Pangani

Wakuu, salaam.

Kila ikifika Juni, kwenye magrupu ya WhatsApp huwa kuna ubishi uleule. Aliyeko Dar anasema tumeingia kipupwe. Aliyeko Ulaya anatuma picha yuko ufukweni na kuandika kwamba kiangazi kimeanza. Wa Mbeya anasema kipupwe gani, hii ni baridi kavu. Halafu anatokea mtu, mara nyingi msomi, anafunga mjadala: "Afrika hatuna misimu, tuna mvua na jua tu." Kauli hiyo ndiyo imenifanya nifungue uzi. Naipinga, na nitaeleza kwa nini.

Nilizaliwa Pangani, sasa naishi Göteborg, Uswidi, na kazi yangu ni gereji. Gereji za huku zinaendeshwa na misimu. Sheria inataka gari liwe na matairi ya majira ya baridi kuanzia 1 Desemba hadi 31 Machi, barabara ikiwa na theluji, barafu au utelezi wake. Kwa hiyo mwezi wa kumi na wa kumi na moja watu wanapanga foleni na matairi yamejaa kwenye buti. Unashika tairi la baridi, lenye mpira laini na njumu za chuma, kisha la kiangazi, gumu na halina njumu, unaelewa hapohapo kwamba msimu kwa watu hawa ni jambo la usalama. Mpira wa tairi la kiangazi ukipigwa na baridi unakuwa mgumu na gari halishiki barabara.

Sasa sikilizeni namna Waswidi wanavyoamua msimu umefika. Wengi wetu tunadhani kuna tarehe. Hakuna. Idara yao ya hali ya hewa, SMHI, inaangalia wastani wa halijoto ya siku nzima, usiku na mchana. Wastani ukiwa sifuri au chini ya hapo kwa siku 5 mfululizo, msimu wa baridi umefika, na unahesabiwa tangu siku ya kwanza ya hizo 5. Ukiwa nyuzi 10 au zaidi kwa siku 5 mfululizo, kiangazi kimefika. Majira ya kuchipua yanahitaji siku 7 za juu ya sifuri na chini ya 10, na hayahesabiwi kabla ya 15 Februari. Majira ya majani kupukutika yanataka siku 5 za chini ya 10, na hayahesabiwi kabla ya 1 Agosti.

Maana yake ni kwamba nchi moja inakuwa na misimu tofauti siku hiyohiyo. Kusini kule Malmö maua yameshatoka, kaskazini kabisa bado ni baridi kwa kipimo. Na ipo miaka ambayo sehemu za kusini hazikupata msimu wa baridi kabisa: zilitoka kwenye majira ya kupukutika zikaingia moja kwa moja kwenye kuchipua, kwa sababu zile siku 5 za sifuri hazikutimia. Nchi tunayoiona kama baba wa misimu minne, kuna mwaka sehemu yake inapata mitatu.

Nenda Uchina. Kalenda yao ya zamani ina vipindi 24 vya jua, na majira ya kuchipua yanaanza kwenye tarehe 4 Februari hivi, wakati Beijing maji bado ni barafu. Lakini wataalamu wao wa hali ya hewa wana kipimo kingine: wastani wa siku 5 ukiwa chini ya nyuzi 10 ni majira ya baridi, ukizidi 22 ni kiangazi, katikati hapo ni kuchipua au kupukutika kutegemea joto linapanda au linashuka. Kwa kipimo hicho kisiwa cha Hainan hakina baridi, na Kunming, mji uliopo juu milimani, wanauita mji wa kuchipua milele.

Chukua sasa kipimo cha Wachina ukiweke Dar es Salaam. Mwezi wa baridi kuliko yote Dar, Julai, wastani wake ni kama nyuzi 24. Basi Dar ni kiangazi kuanzia Januari hadi Desemba. Chukua cha Waswidi ukiweke Njombe mjini mwezi Julai, pale watu wanapolala na blanketi mbili na mama ntilie anauza uji wa moto kuanzia alfajiri: wastani bado uko juu ya 10, kwa hiyo Njombe ni kiangazi! Kipimo hakijakosea hesabu. Kimepelekwa mahali ambapo hakikutengenezewa.

Na hata hao wenye misimu minne hawaelewani wenyewe. Urusi wanahesabu kwa miezi: 1 Machi, 1 Juni, 1 Septemba, 1 Desemba. Australia ni hivyohivyo ila wanageuza, 1 Septemba kwao ndiyo kuchipua. Marekani vyombo vya habari vinakutangazia "siku ya kwanza ya kiangazi" ifikapo 20 au 21 Juni, siku ambayo jua linakaa muda mrefu kuliko zote. Huku Uswidi wikiendi ya karibu na siku hiyo wanasherehekea Midsommar, yaani katikati ya kiangazi. Ireland kimila wanaanza kuchipua 1 Februari na kiangazi 1 Mei. Siku moja ya Juni, mmoja anasema ndiyo mwanzo, mwingine ndiyo katikati, na wote wanaangalia jua lilelile.

Hoja yangu ni hii: watu huugawa mwaka kwa kile kinachoamua riziki na usalama wao. Penye barafu, wanapima joto. Penye jembe lisilo na umwagiliaji, wanapima mvua. Penye tanga, wanapima upepo. Misri ya kale walikuwa na misimu mitatu tu, na yote ilihesabiwa kwa mto Nili: mafuriko, kuota kwa mimea, na mavuno. Hayo mafuriko yalitokana na mvua za nyanda za juu za Ethiopia. Bwawa kuu la Aswan, lililokamilika mwaka 1970, likayakomesha mafuriko. Msimu uliodumu maelfu ya miaka ukafutwa na ukuta.

Kwa hiyo aliyeko Handeni, Wete, Makete au Kigali, tuambie kwenu mwaka unagawanywaje, na mnajuaje kwamba msimu umebadilika. Naomba kuwasilisha.

#2 Mhandisi wa Kibaha

Mkuu, uzi mzuri lakini hapa umechanganya mambo. Misimu minne si mila ya Wazungu, ni jiografia ya dunia nzima. Dunia imeinama kwenye mhimili wake kwa nyuzi 23.4 na inazunguka jua kwa mwaka. Kuna siku mbili mchana na usiku vinalingana, Machi na Septemba, na siku mbili za mwisho wa safari ya jua, Juni na Desemba. Nukta nne, vipande vinne. Haijalishi uko Dar au Moscow. Wairani mwaka wao mpya, Nowruz, unaanza sekunde ileile ambayo jua linavuka ikweta mwezi Machi. Hiyo ni hesabu, si maoni ya mtu.

#3 Makete Juu

Mimi nipo Makete, nalima viazi mviringo na ngano kidogo. Huku tuna mvua na tuna baridi, hayo ndiyo mawili tunayoyaogopa. Mvua zinaanza Novemba, zinakwenda hadi Aprili na mara nyingine zinaingia Mei. Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) wanaziita mvua za msimu, kwa sababu sisi tuna msimu mmoja wa mvua, hatuna vuli na masika kama watu wa pwani. Mtu wa Tanga akisema "vuli imechelewa", huku hatujui anaongelea nini.

Baada ya hapo ni baridi. Juni na Julai unaamka asubuhi majani yote meupe. Hiyo ni sakitu. Kwenye mabonde ndiko mbaya zaidi, hewa ya baridi inashuka usiku na kutuama kule chini kama maji. Kiazi kikiwa na majani mabichi, jua likitoka tu majani yanageuka meusi kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Kwa hiyo anayelima bondeni kwa kumwagilia anahesabu nyuma: viazi viwe vimekomaa kabla ya Juni au vipandwe ili viote baridi ikiisha. Mlimani kidogo una nafuu.

Kwenye hifadhi ya Kitulo pale juu maua yanachanua na mvua, Desemba hadi Aprili. Sasa niwaulize, majira ya kuchipua ya Kitulo ni lini? Kwa kalenda ya Mhandisi ni Septemba, maana tuko kusini mwa ikweta. Septemba Kitulo ni nyasi kavu na moshi.

#4 Mwana Pangani

Mhandisi, nakushukuru kwa kuleta hoja yenyewe. Hizo nukta nne ni kweli na hakuna anayezipinga. Ila nukta nne za jua hazifanyi misimu minne kila mahali, na hesabu yenyewe ya jua inalionyesha hilo.

Huku Göteborg mwezi Juni mchana unafika saa 18 hivi, Desemba unakuwa saa 6 na nusu. Pangani tofauti ya mchana mrefu na mfupi haifiki dakika 40 mwaka mzima. Mwinamo uleule wa dunia, lakini huku unabadilisha joto mpaka miti inavua majani, na kule haugusi kitu. Joto la Dar kati ya mwezi wa joto kali na mwezi wa baridi linapishana kwa nyuzi 4 hivi. Tofauti ya saa nane mchana na alfajiri ya siku moja ni kubwa kuliko hiyo.

Sasa kinachobadilika kwetu ni nini? Kwenye nchi za karibu na ikweta jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka. Pangani ni mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Penye jua la utosi hewa inapata joto na kupanda, pepo za kaskazini na za kusini zinakutana, mawingu yanajengeka. Ule ukanda wa mvua unalifuata jua kwa kuchelewa kidogo, unapanda kaskazini na kushuka kusini. Ukipita kwetu kuelekea kaskazini, tunapata masika, Machi hadi Mei. Ukirudi, tunapata vuli, Oktoba hadi Desemba. Makete uko karibu na mwisho wa safari yake upande wa kusini, kwa hiyo zile mvua mbili zinaungana zinakuwa moja. Kwa hiyo Makete Juu na mimi tumetenganishwa na jua lilelile unalolisema wewe, mimi nikapewa misimu miwili ya mvua, yeye mmoja.

Na jambo moja la kuongezea kwa wanaodhani joto linaletwa na ukaribu wa jua: dunia inalikaribia jua zaidi mwanzoni mwa Januari, kama kilomita milioni 147, na inakuwa mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kama milioni 152. Januari huku mimi nakwangua barafu kwenye kioo cha gari.

Septemba ya Kitulo umeniweka vizuri sana, Makete Juu. Mimea ya huku inasubiri joto, ya kwenu inasubiri maji.

#5 Bint Wete

Assalaam alaykum. Nimesoma yote nikaona hapajatajwa kitu kikubwa, upepo. Mwana Pangani kautaja kwa neno moja kapita, na yeye ni mtu wa pwani!

Kwetu Pemba mwaka ni kaskazi na kusi kwanza, mvua baadae. Kaskazi inaanza Disemba mpaka Machi, upepo watoka kaskazini mashariki, jua kali, maji ya moto, majahazi zamani ndipo yalipokuja kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kisha upepo unageuka. Kusi inaingia na mvua kubwa, wazee wanaziita mvua za mwaka, na ikishakamata Juni na Julai inavuma kwelikweli. Zile jahazi zilirudi kwao na kusi. Mfanyabiashara hakuwa na hiari, upepo ukimpita anasubiri hadi ugeuke tena.

Katikati ya pepo hizo mbili ndiyo tanga mbili. Upepo hauna mwelekeo, leo huku kesho kule, na bahari inatulia na maji kuwa maangavu. Hizo ndizo siku mvuvi mdogo anazozipenda. Kusi ikikaza, pwani ya mashariki mawimbi yanavunja mwambani na ngalawa zinapandishwa mchangani. Upande wa Wete kuna kinga ya kisiwa, watu wanatoka. Kwa hiyo kisiwa kimoja, upande mmoja ni msimu wa kuvua na upande wa pili ni msimu wa kushona nyavu.

Mimi shughuli yangu ni mwani. Mwani unataka maji ya baridi yenye mwendo, kwa hiyo kusi ndiyo yetu. Kaskazi ikifika, Januari na Februari, maji yakitoka kule kwenye kina kifupi jua linayapiga hadi unayahisi miguuni. Mwani unaanza kuwa mweupe kwenye ncha, kama umechovywa chokaa, kisha unalainika, ukiushika unakatika mkononi. Aina ya kotonii ndiyo inakufa mwanzo, aina ya spinosamu inavumilia. Bei nzuri iko kwenye kotonii. Ndiyo maana baadhi ya kina mama wamehamia kwenye maji ya kina, wanafunga mwani kwenye kamba zinazoelea.

Na wazee wetu walikuwa na kalenda yao ya haya yote. Mwaka unaanza Nairuzi, siku zinahesabiwa kumikumi, kila kumi ni mwongo. Ukimuuliza mzee lini apande mpunga, anakwambia mwongo wa ngapi, hakwambii mwezi. Makunduchi, kule Unguja, bado wanausherehekea mwaka huo, Mwaka Kogwa, kila Julai.

#6 Mhandisi wa Kibaha

Bint Wete, hiyo Nairuzi ni Nowruz ileile ya Wairani niliyoitaja. Sasa mbona kwao ni Machi na kwenu ni Julai?

#7 Bint Wete

Mwaka wa Nairuzi una siku 365 kamili, hauna siku ya nyongeza ya Februari 29. Kila miaka minne unateleza siku moja. Katika miaka mia ni kama siku 25. Fanya hesabu ya karne ngapi watu wamesafiri na jina hilo baharini. Ndiyo maana mwongo peke yake haukutoshi, wautazama na upepo.

#8 Nipo Salala

Salaam kutoka Oman. Wazee wangu wa Unguja, mimi nimekulia Muscat na sasa nafanya kazi Salala. Nimefurahi mwani na Nairuzi kutajwa, maana hata huku Ghuba wapo wanaohesabu siku kumikumi. Wanaanzia nyota ya Suheli ikionekana alfajiri, karibu na tarehe 24 Agosti. Suheli ikionekana, mabaharia na wenye mitende wanasema kilele cha joto kimevunjika, ingawa mchana bado unaungua.

Ila msimu wa Salala ndio utawashangaza. Sehemu kubwa ya Oman mwezi wa saba ni tanuri, Muscat inapita nyuzi 40. Salala wakati huohuo ni kama 26, ukungu umeshuka mpaka barabarani, manyunyu kutwa nzima, milima yote kijani, ng'ombe na ngamia wanakula majani mabichi. Inaanza 21 Juni hadi 21 Septemba, tunauita khareef. Familia kutoka Emirati, Saudia na Kuwait zinakuja na magari kukimbia joto, wanakaa mlimani na chai huku wanaloa. Ukivuka tu mlima upande wa pili, kilomita chache, ni jangwa kavu. Huo mstari wa kijani na mchanga unauona kwa macho.

Kiangazi cha Muscat na khareef ya Salala ni miezi ileile, nchi ileile.

#9 Mwana Pangani

Bint Wete umenishika kweli, na Nipo Salala kaleta kipande kilichokuwa kinakosekana. Naomba niviunganishe, maana hapa ndipo mambo yanaponoga.

Upepo wa kusi unaovuma Pemba mwezi wa saba hauishii Pemba. Unakwenda kaskazini kando ya pwani ya Kenya na Somalia, unavuka ikweta, na kwa sababu dunia inazunguka unapindishwa kuelekea kulia. Ulikuwa unatoka kusini mashariki, sasa unatoka kusini magharibi. Nyanda za juu za Afrika Mashariki zinaubana kama ukuta, unapata kasi kubwa mbele ya pwani ya Somalia, unatawanya maji ya juu ya bahari na maji baridi ya chini yanapanda. Upepo huohuo, umejaa unyevu na umepozwa na maji hayo, unaigonga milima ya Dhofar. Ndiyo khareef ya Salala. Unaendelea kuvuka Bahari ya Arabu, unafika India na kumwaga mvua inayolisha zaidi ya watu bilioni moja.

Upepo mmoja, wakuu! Pwani yetu ni kipupwe, hewa ya ubaridi na bahari chafu. Salala ni ukungu na majani. Kerala, kusini mwa India, ni mafuriko na kupanda mpunga. Ukimuuliza kila mmoja "Julai ni msimu gani?" utapata majibu matatu na yote ni ya kweli.

India wenyewe hawaachi jambo hili kwa hisia. Kimila wana misimu sita, miezi miwiliwili. Lakini kutangaza kwamba mvua kubwa zimeingia Kerala, idara yao ya hali ya hewa ina masharti: baada ya 10 Mei, asilimia 60 ya vituo 14 vilivyoteuliwa vipate milimita 2.5 au zaidi kwa siku 2 mfululizo, na pepo na mawingu vikubaliane. Tarehe ya kawaida ni 1 Juni, na taarifa hiyo inasubiriwa na wakulima na wafanyabiashara wa nafaka nchi nzima. Ule uzito ambao Waswidi wanaupa kipimajoto, Wahindi wanaupa kipima mvua.

#10 Kigali Kati

Habari zenu ndugu. Mimi ni Mnyarwanda, nimesoma Tanzania. Nawashangaa mnaotafuta misimu minne Ulaya, sisi tunayo hapa, digrii mbili kusini mwa ikweta. Urugaryi, kiangazi kifupi, Januari na Februari. Itumba, mvua kubwa, Machi hadi Mei. Impeshyi, kiangazi kirefu, Juni hadi Agosti. Umuhindo, mvua za pili, Septemba hadi Desemba. Minne, na hakuna hata mmoja unaohusu joto. Kigali hali ya joto ni ileile mwaka mzima.

Na hatukuichukua kwa mtu. Serikali yenyewe inapanga kilimo kwa mvua: msimu A unaanza Septemba, msimu B unaanza na mvua za Machi, na C ni mabondeni wakati wa kiangazi kirefu. Mbolea na mbegu vinakuja kwa kufuata hizo herufi. Mtoto wa darasa la pili anakuambia maharage ni ya umuhindo na itumba.

Shida ni vitabu vya zamani vya shule, vilivyochora mti mmoja mara nne: una maua, una majani, majani mekundu, theluji. Mwalimu anafundisha na nje ya dirisha kuna migomba ya kijani.

#11 Mhandisi wa Kibaha

Kigali Kati, hapo sina ubishi. Nakubali nukta za jua ni za wote, misimu ni ya mahali. Ila naomba tusiende mbali tukasema kalenda haina kazi. Shule, bajeti, likizo, bima ya mazao, vyote vinataka tarehe. Huwezi kuandika kwenye mkataba "mvua zikinyesha".

#12 Shamba la Mama

Samahani wakuu, nimesoma kimya tangu mwanzo. Mimi nina swali la kwangu. Mama yupo Handeni analima mahindi, mimi niko Dar natuma hela ya mbegu. Kila vuli ni kamari. Mvua inanyesha siku mbili, kijiji kizima kinapanda, halafu jua linawaka wiki mbili na mbegu inaoza au mche unakauka. Mwaka mwingine anasubiri, anachelewa. Hao Waswidi na Wahindi wana siku tano na asilimia sitini. Sisi kipimo chetu ni kipi?

#13 Afisa Ugani

Shamba la Mama, kipimo kipo, ila hakiwafikii watu. Kituo cha hali ya hewa cha IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika, kinaitwa ICPAC na kipo Kenya, kinatumia hiki kwenye utabiri wa msimu: mvua isiyopungua milimita 20 ndani ya siku 3, na baada ya hapo, ndani ya siku 21 zinazofuata, kusitokee siku 7 mfululizo bila mvua. Hiyo sehemu ya pili ndiyo inayoua mahindi ya mama yako. Mvua ya kwanza ilitosha, ila haikufuatiwa.

Tatizo ni kwamba mkulima hawezi kuziona siku 21 za mbele. Kwa hiyo tunafanya mambo mawili. Kwanza, utabiri. TMA wanatoa mwelekeo wa vuli kabla msimu haujaanza, wilaya kwa wilaya, wanasema mvua zitaanza wiki gani na kama zitakuwa juu ya wastani, wastani au chini. Kisha wanatoa taarifa za siku kumikumi. Zile za siku kumi ndizo za kupandia, na redio za mikoani huzisoma. Mwaka 2019 vuli ilikuwa kubwa mno kwa sababu maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalikuwa na joto kuliko ya mashariki. Kwa hiyo vuli inategemea sana bahari, na hiyo ndiyo sababu mwaka mmoja haufanani na mwingine.

Pili, udongo. Mvua ikishanyesha, chukua jembe uchimbe sehemu tatu za shamba, usichimbe moja. Angalia unyevu umefika wapi. Kama umelowa kina cha vidole tu na chini ni vumbi, hiyo mvua haijafanya kitu hata kama barabara ina madimbwi. Ukifika kina cha kiganja na nusu, ukiufinyanga udongo wa chini unashikana, hapo una akiba ya kuivusha mbegu siku kadhaa. Kumbikumbi wakitoka watu wanafurahi, ila wale wanatoka kwa mvua ya kwanza yoyote yenye nguvu, wasikudanganye.

Mbegu iwe ya muda mfupi, vuli ya Handeni haina urefu wa kubeba mahindi ya miezi minne na nusu. Na asipande shamba lote siku moja. Apande sehemu, asubiri mvua ya pili, aongeze. Mvua zikiwa na mashaka, apande mtama sehemu ya shamba.

Shamba liko tambarare au kwenye mteremko, na udongo ni mweusi au mwekundu?

#14 Shamba la Mama

Tambarare, mweusi, unapasuka sana wakati wa jua. Na mtaro wa barabara unamwagia maji upande mmoja.

#15 Afisa Ugani

Huo mweusi unashika maji lakini unachelewa kuloa, mvua ya kwanza yote inaingia kwenye nyufa. Mwambie aanze na ule upande wa mtaroni, ayakinge maji yabaki shambani kwa matuta yanayokata mwelekeo wake, na upande wa pili asubiri hadi nyufa zifunge. Nyufa zikiwa bado wazi, asitoe mbegu ndani ya mfuko.